Nungunungu wa Nyuma ya Pazia

Cheti cha kozi ya fasihi nilikikosa kwa alama chache tu, na aliyeninyima alama hizo ni mke wa mwanangu, mtu ambaye kwa mila zetu hakuwa na ruhusa hata ya kunitazama usoni. Kisa hiki nimekuwa nikikisimulia vipande vipande, nikijipendelea kila mahali. Leo nakiandika kizima, na nitajitahidi kujipendelea kidogo tu.

Nianze na mila yenyewe, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kwetu Rungwe, mwanamke akiolewa, yeye na baba mkwe wake hukwepana. Wakikutana njiani, mkamwana huacha njia, hujifunika kitenge na kugeukia migombani mpaka mzee apite. Haingii chumba alimo mzee, hasemi naye, wala jina lake halitaji. Mzee naye ana wajibu wake: akikaribia mahali alipo mkamwana lazima akohoe, ili mwenzake apate nafasi ya kujificha. Wazee wetu waliita hiyo heshima, na kwa kweli ni heshima. Lakini wakati ninaousimulia, familia nyingi za kanisani kwetu zilikuwa zimeshalegeza. Wakwe walisalimiana kwa mikono na kulishana keki harusini. Nyumbani kwangu hatukulegeza, na sababu ilikuwa mimi. Nilikuwa nimepunguzwa kazi ya ukarani pale kiwanda cha chai kilipouzwa kwa watu binafsi, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa bado ananiogopa.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilifunguliwa. Mitumba ilifika mpaka Ikuti. Minara ya simu iliota vilimani, sabuni zikaja zenye majina tusiyoweza kuyatamka, na Tukuyu mjini ikaja intaneti kafe. Hiyo ya kwetu ilikuwa ya mwanangu. Yeye ni dereva wa malori ya kwenda Zambia. Alinunua kompyuta zilizochakaa huko Dar es Salaam, akapanga chumba karibu na soko, akamweka mkewe aendeshe, kisha akarudi barabarani. Mke wangu aliweka jiko la mkaa mlangoni, akawa anauza chai na ndizi za kuchoma. Mjukuu wetu, ambaye alikuwa bado hajaanza kutambaa, alihamahama kati ya mgongo wa mama yake na mgongo wa bibi yake kama abiria asiye na nauli.

Mimi nilibaki nyumbani kusikiliza mvua. Tukuyu mvua ipo ya kutosha, kwa hiyo kazi hiyo haikuisha.

“Baba,” mke wangu aliniambia asubuhi moja, “hata mvua yenyewe imechoka kusikilizwa. Njoo mjini ukae kwenye mashine kama watu.”

“Na mkamwana je? Chumba ni kimoja.”

“Tutaweka pazia.”

Pazia lilishonwa na fundi cherehani wa duka la jirani, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa na rula sikioni muda wote. Alipolitundika alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama: upande huu mashine yangu karibu na mlango, upande ule meza ya mkamwana na kompyuta kuu. Akatikisa kichwa.

“Mzee wangu,” alisema, “sisi msikitini tunatenga wanawake na wanaume. Lakini nyie mmetenga mpaka kompyuta!”

Masomo ya kutumia mashine niliyapata kupitia kwa mke wangu, aliyekaa kwenye jiko lake kati yetu wawili.

“Mama, mwambie baba abonyeze palipoandikwa ‘endelea’,” ilisema sauti ndogo nyuma ya pazia.

“Baba, bonyeza palipoandikwa ‘endelea’,” mke wangu alipokea, huku akigeuza ndizi.

“Mwambie nimebonyeza, na kila kitu kimeondoka.”

“Anasema kimeondoka.”

“Muulize kimeondoka kwenda wapi.”

“Kimeondoka kwenda wapi?”

“Ningejua kilikokwenda si ningekifuata!”

“Anasema angejua angekifuata. Na nyie wawili mjue ndizi za watu zinaungua.”

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Na siku moja, katika kubonyeza nisipopajua, nikaangukia tangazo la kozi ya bure. Lilisema mtu yeyote, popote alipo, anaweza kujifunza enzi za fasihi, tanzu zake na waandishi wakubwa wa dunia, na mwishoni akapewa cheti chenye jina lake. Sekondari nilisoma, na fasihi ndiyo iliyoniangusha. Kwenye mtihani niliambiwa nimjadili mhusika mkuu wa riwaya, nami kwa kuwa sikuwa nimeisoma, nikamjadili mtu aliyechorwa kwenye jalada. Nilimjadili vizuri sana, kofia yake na kila kitu. Baadaye nikaambiwa kwamba mtu yule hakuwemo kabisa kwenye kitabu.

Nilijiandikisha kwa siri. Mke wangu nilimwambia kwamba nafuatilia bei ya chai duniani.

Kozi ile haikutumia majina ya watu. Kila mwanafunzi alipewa mnyama na picha yake. Mimi nilipewa pengwini, ndege ambaye sikuwa nimemwona maishani mwangu, mnene, mweusi kwa mweupe, amesimama kama mwalimu wa kwaya anayesubiri watu wakae.

“Na huyu ndege wa suti,” mke wangu aliuliza akinipitishia chai, “ndiye mnunuzi wa chai?”

“Huyo ni wakala,” nikasema.

Kisha mashine ikatupanga wawili wawili kwa mfuatano wa kujiandikisha, ili kila mtu asome insha za mwenzake, amkosoe na kumpa alama. Mwenzangu alikuwa Nungunungu. Kutokana na ukali wake nilijua mara moja kwamba ni profesa mstaafu wa nchi za baridi, mwenye ndevu, anayekula mkate mgumu peke yake. Maandishi yetu yalikuwa ya Kiingereza. Hapa nayaweka kwa Kiswahili, kwanza kwa faida ya msomaji, pili kwa sababu Kiingereza changu cha wakati ule hakifai kurudiwa.

Sasa, msomaji, wewe umeshajua Nungunungu ni nani. Wewe una bahati ya kusimuliwa. Mimi nilikuwa ndani ya kisa, na nilikuwa na kiburi, na vitu hivyo viwili kwa pamoja humziba mtu macho kabisa.

Kabla sijaendelea lazima niseme jambo moja, maana bila hilo mengine yote ni mzaha tu. Mkamwana wangu aliolewa mara tu alipomaliza kidato cha nne, na alama zake zilitosha kabisa kumpeleka chuo cha ualimu. Mwaka ule wa kozi, chuo cha hapo mjini kilitangaza nafasi. Alimwomba mumewe, na mumewe akajibu kwa simu kutoka mpakani, “Baba akikubali, na mimi nimekubali.” Kuniomba mwenyewe hakuweza, kwa hiyo akamtuma mama mkwe wake. Mke wangu alinifikishia ujumbe nikiwa nakula. Nilijibu bila kuinua kichwa, mdomo umejaa ndizi na maharage: “Na mtoto abaki na nani?” Kisha nikaomba niongezewe mchuzi.

Halikuwa swali. Kila mtu nyumbani alijua halikuwa swali. Fomu zilitakiwa zirudishwe kabla ya mwezi unaofuata kwisha, na baada ya mchuzi ule hakuna aliyezitaja tena mbele yangu.

Basi nikawa mwanafunzi. Wiki ya kwanza tulisoma urasimi, enzi ya waandishi waliopenda sheria. Walitaka mchezo wote utokee mahali pamoja, siku moja, bila watu wa hovyo kuingilia. Niliwapenda sana. Niliandika kwamba tamthilia ya namna hiyo inafanana na kikao cha ukoo, ila kikao cha ukoo kina ugomvi mzuri zaidi. Nungunungu aliandika chini yake: “Ndugu Pengwini, insha yako inaanza vizuri na kuharibika kwenye sentensi ya pili.”

Wiki iliyofuata ilikuwa ya ulimbwende, washairi waliokimbilia milimani kutazama mawingu na kulia. Tuliambiwa tuandike ukurasa mmoja kwa mtindo wao. Nikaona hapa ndipo pangu, maana mlima tunao. Nilivaa mabuti, nikachukua mwavuli, nikapanda njia ya kuelekea Mlima Rungwe ili nikashangae. Mlima wenyewe haukuonekana. Ulikuwa umejifunika mawingu mpaka miguuni, kama mkamwana. Nilisimama nikishangaa ukungu, kisha udongo ukanitoka chini ya mabuti, nikateleza kwa makalio shamba zima la mtu mpaka mgomba uliponipokea. Niliandika yote hayo kwa hisia kubwa. Sentensi ya mwisho ilisema, “Ee mlima, ulikataa uso wangu, ukapokea makalio yangu.”

Nungunungu alijibu asubuhi ile ile: “Ndugu Pengwini, ulimbwende ni fasihi ya watu waliotazama mlima wakiwa hawana mzigo kichwani. Mwanamke anayeteremsha mikungu ya ndizi kutoka huko juu haushangai mlima, anaulaani. Pia, makalio yaondoe.”

Nilimheshimu mno. “Watu hawa wanasoma,” nilijisemea. “Profesa wa nchi za barafu, lakini mkungu wa ndizi anaujua!”

Dalili zilikuwa nyingi, na zote nilizipa maelezo. Kila nilipotuma insha, nyuma ya pazia kulisikika “ting!”, nami niliamini kwamba ni mashine kuu inanishukuru. Kila nilipokuwa nasubiri jibu, nyuma ya pazia hilo hilo palisikika kibodi ikipigwa kwa hasira, nikadhani mkamwana anawachapia watu barua za kuomba kazi. Umeme ulipokatika Tukuyu, Nungunungu alinyamaza. Uliporudi, naye akarudi. Nilimwandikia pole: “Naona na kwenu umeme una tabia hizi hizi.” Akajibu, “Nadhani umeme wote ni ukoo mmoja.”

Tulibishana juu ya tanzu mpaka nikawa nachelewa kula. Mimi nilishikilia kwamba hakuna tanzia bila mfalme, na mfalme huyo lazima afe. Yeye alisema mtu akipoteza kazi kiwandani, kisha akarudi nyumbani na kugeuka mfalme wa jikoni, hiyo nayo ni tanzia. Au pengine ni futuhi, aliongeza, inategemea wewe umekaa upande gani wa meza. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nilimwonea huruma huyo mzee wa huko Ulaya, vyovyote alivyokuwa.

“Bei ya chai leo inachekesha?” mke wangu aliuliza.

“Imepanda,” nikasema.

Alinitazama, akatazama pazia, akageuza ndizi yake. Sikuelewa kwa nini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tukafika kwenye uhalisia, mwezi wa fomu ukiwa unaelekea ukingoni. Kazi ilikuwa kuandika hadithi fupi ya maisha ya kawaida kama yalivyo, bila kupamba. Kila mmoja angekosoa hadithi ya mwenzake, na alama za hadithi hii, iliyokuwa kazi ya mwisho, ndizo zingeamua nani anapata cheti. Hadithi ya Nungunungu ilinifikia kabla sijaanza yangu.

Ilimhusu msichana aliyeolewa kwenye nyumba yenye mvua. Alitaka kusoma. Mtu pekee wa kumruhusu alikuwa baba wa mumewe, ambaye yeye hakuruhusiwa kumwona. Alimjua mzee huyo kwa mgongo, kwa mwavuli na kwa kikohozi. Akisikia kikohozi, anajifunika na kugeukia ukuta. Akatuma ombi lake kupitia kwa mama mkwe, na mzee akajibu huku anatafuna, “Na mtoto abaki na nani?” Hadithi iliishia hapo, na mzee anaongezewa mchuzi.

Ungedhani hapo ningeamka. Hapana. Hata mchuzi haukuniamsha. Nilisoma kama mhakiki, kalamu sikioni kama ile rula ya fundi. Nilisikitika sana kwa ajili ya yule msichana, na nilimkasirikia yule mzee kwa moyo wangu wote. Nikaandika maoni yangu nikiwa na hasira ya haki:

“Ndugu Nungunungu, hadithi ni nzuri, ila mzee wako haaminiki. Hakuna mzee mjinga kiasi hiki. Swali lake kuhusu mtoto ni dhaifu. Kwani yeye hana mgongo? Ambebe! Umetia chumvi mno. Lakini sehemu ya kikohozi ni sahihi kabisa. Hata mimi hapa Tukuyu hukohoa ninapokaribia mahali alipo mkamwana wangu.”

Nikampa alama za juu, maana nilikuwa mtu wa haki. Nikatuma.

Ting!

Kisha nyuma ya pazia kigoda kilianguka, kikombe kikafuata, mlango wa nyuma ukafunguka na kujibamiza.

“Kuna nini?” niliuliza.

“Amekimbilia uani,” mke wangu alisema. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

“Kwa nini?”

“Muulize Nungunungu.”

Niligeuka polepole. “Wewe Nungunungu umemjuaje?”

“Baba, kwako kuna ndege wa suti na mnyama wa miiba. Kwake kuna mnyama wa miiba na ndege wa suti. Kiingereza sijui, lakini macho ninayo.”

“Tangu lini?”

“Tangu ile siku uliyorudi na matope makalioni.”

“Na ukanyamaza!”

“Gwe!” alisema, akisahau kuniita baba. “Wewe ulidhani ni nani mwingine duniani mwenye nafasi ya kubishana na wewe kuanzia asubuhi mpaka jioni?”

Nilichukua mwavuli wangu nikatoka. Mvua ilikuwa imeacha, lakini niliufungua hata hivyo, ili watu wasinione uso. Njia nzima nilikuwa najitetea moyoni kama wakili. Je, tumevunja mila? Hatukuonana. Hatukusemezana. Hakuna aliyetaja jina la mwenzake. Mila ilikataza uso, sauti na jina, na kuhusu ndege wa suti haikusema kitu. Kesi hiyo niliishinda kabla sijafika nyumbani. Ile nyingine, ya mchuzi, sikuishinda. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yameandikwa na kutumwa: hakuna mzee mjinga kiasi hiki.

Kesho yake nilirudi kwenye mashine, nikakohoa kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, nikaketi. Hadithi yangu ya mwisho ilikuwa bado. Nikaanza kuandika.

“Unaandika nini tena?” mke wangu aliuliza. “Mkamwana amekaa humo tangu asubuhi hajanywa hata chai, fomu anayo kwenye mkoba, zimebaki siku chache. Sema neno moja, nimpelekee. Si hapo tu?”

“Mambo haya yana utanzu wake,” nikajibu.

Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kumpa mke wangu neno lile alibebe kwa mdomo, mbele ya wateja wanaosubiri ndizi, lilinishinda. Kwa hiyo niliandika hadithi. Ilikuwa na mzee, mvua na mwavuli, na ndani yake niliwaweka mpaka washairi wa mlimani. Mwishoni mzee anatazama migomba, moyo wake unayeyuka, naye anatamka, “Mwanangu, nenda ukasome.” Nililia kidogo nilipoandika hapo. Nikatuma, ting, nikasubiri.

Kibodi ya nyuma ya pazia ilianza, ikasimama, ikaanza tena. Haikuwa na hasira safari hii. Ilikuwa inafanya kazi. Jibu lilipotokea kwenye kioo, lilisema hivi:

“Ndugu Pengwini, mzee anabadilika katika sentensi ya mwisho kwa sababu mwandishi wake anaona aibu. Hatujamwona akifanya kitu chochote. Anatazama migomba tu. Huu si uhalisia, hii ni risala ya kufungia mkutano. Soma upya maoni yako mwenyewe, hasa kuhusu mgongo. Alama: mbili kati ya kumi.”

Cheti kikaenda hapo. Nilimwita mke wangu.

“Mwambie,” nilisema kwa nguvu, “kwamba mbili kati ya kumi ni uonevu!”

“Anasema ni uonevu.”

“Mwambie baba,” ilisema sauti nyuma ya pazia, ndogo lakini haitetemeki, “kwamba mimi sijui anazungumzia nini. Mimi hapa nachapa barua.”

“Anasema anachapa barua,” mke wangu alisema, na machozi yalimtoka kwa kicheko.

Siku iliyofuata ilikuwa ya soko. Mke wangu alitangulia mjini, mkamwana naye alikuwa ameshakwenda, na mtoto alikuwa ameachwa nyumbani usingizini, akiangaliwa na shangazi yake, binti yangu. Nilimchukua. Shangazi akadhani nimerukwa na akili, na sikumsahihisha. Nikaitafuta kanga, nikainama kama nilivyowaona wanawake wakiinama maisha yangu yote, nikamtupia mtoto mgongoni. Kumbe kuona siyo kujua. Nilipofunga juu alishuka, nilipofunga chini akalala upande kama mzigo wa kuni. Mwishoni nilizungusha kanga kila mahali palipowezekana, nikafunga fundo kifuani, nikashika mwavuli na kuanza safari.

Mwanamume wa umri wangu, na mabuti, na koti la kanisani, na mtoto mgongoni kwa kanga ya maua, katikati ya soko la Tukuyu. Wale wanawake wa ndizi kutoka Kisondela waliacha kupanga mikungu.

“Mugonile, Tata!” mmoja alinisalimu kwa lugha yetu. “Umejifungua salama, baba?”

“Salama,” nikajibu.

“Na maziwa yametoka?”

“Tunamsubiri mkunga,” alisema mwingine, na soko zima likalipuka. Kijana wa bodaboda alinifuata polepole akipiga honi kama nimetoka harusini. Fundi cherehani alitoka mlangoni kwake, rula sikioni, akanitazama mbele, akanitazama nyuma, akasema kwa uchungu wa kitaaluma, “Mzee wangu, hilo fundo!” Akalirekebisha kidogo, lakini tayari tulikuwa tumechelewa: mgongo wangu ulikuwa umeloa, na mvua ilikuwa haijaanza.

Nilifika mlangoni. Nikakohoa. Nikasikia nyuma ya pazia kitenge kikivutwa, mtu anajifunika na kugeukia ukuta. Hapo nilifanya kitu pekee cha akili nilichofanya mwaka ule. Niligeuka. Niliingia kinyumenyume, uso wangu ukielekea barabarani, mpaka kisogo changu kikagusa pazia.

“Mwambie,” nilimwambia mke wangu, “kwamba mimi natazama nje. Akitaka, anaweza kuangalia.”

“Anatazama nje,” mke wangu alisema. Hakucheka.

Pazia lilivutwa nyuma yangu. Sikuona kitu, niliona soko na watu waliosimama kutukodolea macho. Mtoto alipomwona mama yake alipiga kelele ya furaha na kunivuta sikio.

“Mama,” sauti ilisema, “mwambie baba mtoto ameshuka sana. Atamponyoka.”

“Anasema mtoto ameshuka.”

“Mwambie nimesikia. Afundishwe mtu mmoja hapa namna ya kumfunga, maana mtu huyo atakuwa naye kila siku mpaka chuo kiishe. Na fomu ipelekwe leo.”

Mke wangu alianza kupokea: “Anasema fomu...” Hakumaliza. Kanga aliyokuwa anajiziba nayo mdomo ilikuwa imepanda mpaka machoni.

Akanifungua, akamfunga mtoto upya huku nyuma ya pazia yakitoka maelekezo, juu kidogo, mguu wa kushoto, hapo. Kisha kibodi ikapigwa kidogo, mlango wa nyuma ukafunguka, safari hii bila kujibamiza, na nikasikia viatu vikikimbia kwenye changarawe kuelekea chuoni.

Nimejutia mambo mengi, na wengi wa kuwaomba radhi wameshazikwa. Huyu yupo. Anafundisha, na akija likizo bado tunakwepana, maana sasa yeye ndiye anayeshikilia mila kuliko mimi. Anasema pazia lilimfaa sana. Mtoto yule amekuwa mrefu kunipita na hataki kusikia kabisa kwamba aliwahi kuniloanisha mbele ya soko.

Lakini narudi siku ile. Mkamwana alipoondoka, kafe ilibaki mikononi mwangu. Mteja wa kwanza, mwanamume mmoja kutoka Kyimo, alibonyeza kitu, akapiga kelele, “Mzee! Kila kitu kimeondoka!”

“Kimeondoka kwenda wapi?” nikamuuliza.

Nilipomaliza naye, niliketi kwenye mashine yangu, mtoto amelala mgongoni. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe ambao Nungunungu alikuwa ameuacha kabla ya kutoka. Ulisema: “Ndugu Pengwini, mhusika anaingia kinyumenyume kama mwizi wa kuku, na mtoto alikuwa amefungwa ovyo. Ila sasa ninamwamini. Alama hazibadilishwi.”

Nilikohoa, kwa heshima, ingawa nyuma ya pazia hapakuwa na mtu.